Fundi Yuko Melini

2 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Na lile sikio la simu? Sisi huku wazima, ila mjukuu wako Kasuku ameng'oka jino la mbele na bado hanyamazi.

Mama, kaa chini kwanza. Kazini kwa baba watoto wamempa zawadi ya safari ya meli! Si meli ya mizigo, ni meli ya starehe, ina ghorofa kama jengo na bwawa la kuogelea juu kabisa. Unalala humo wiki nzima, inazunguka tu na kurudi. Mwezi wa nane, watoto wakifunga shule, familia nzima tunapanda.

Sasa shida ni nguo. Kuna usiku mmoja wa chakula cha heshima, wanaume suti, wanawake magauni marefu. Ya dukani siyataki na fundi ninaye. Utatushonea? Nikutumie vipimo?

Mwanao,
Kipipi

11 Mei

Kipipi wangu,

Marahaba, mwanangu. Mguu unanisumbua asubuhi, ukishakanyaga cherehani unatulia. Sikio ndilo hilo hilo, ndiyo maana nasema andika. Kwenye simu nasikia "eeh" zangu mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea fundi viatu wa kibanda cha pili. Familia nzima! Tangu baba yako atutoke sijafungua dirisha asubuhi nikaona kitu nisichokijua.

Vipimo? Ushindwe! Nimekuzaa mimi, nimekuvika mimi, leo nikuulize kiuno chako? Leta vya mkwe na wajukuu. Vyako ninavyo kichwani.

Lakini niambie, choo chake kikoje? Usiku inayumba? Mchana mtu anavaa nini? Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya pipa.

Mama yako

20 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Hapa mapokezi zahanati wagonjwa hawaishi, nikifika nyumbani nimekuwa ganda la muwa. Vipimo vya hao watatu vimo humu.

Uliuliza choo. Kimo humo humo chumbani, hupangi foleni. Kuyumba, inayumba kidogo, unameza kidonge kabla hujapanda. Mchana unavaa nguo nyepesi na viatu vya soli ya mpira, maana sakafu ina majimaji. Jioni upepo mkali, usisahau sweta. Begi kubwa wanakupokea getini, unaliona tena jioni, kwa hiyo unashika kibegi chako chenye dawa zako.

Nakimbia, naitwa.

Mwanao,
Kipipi

12 Julai

Mwanangu Kipipi,

Hamjambo wote? Mimi sijambo, tena sana.

Furushi linakuja kwa basi. Liwahi, kondakta asije akalikalia. Mna suti ya mkwe. Mna suruali na shati la mume wangu mdogo, mwambie mkewe kasema asicheze nalo mpira. Gauni la njano la Kasuku. Gauni la bluu lako. Na la bluu langu, kitambaa kimoja na lako, nimelitia humo humo lisije likakunjamana kwenye kibegi.

Yote uliyonielekeza nimeyafanya. Vidonge ninavyo, sweta ninalo, na viatu vya soli ya mpira kanitengenezea fundi viatu. Kaniuliza, "Bibi, unakwenda kuolewa baharini?" Nikamjibu wanaume wa nchi kavu wamenishinda. Alicheka mpaka akadondosha nyundo. Na kibao cha mlangoni nimekwisha kukiandika: FUNDI YUKO MELINI. Watu wanakuja kukisoma tu, hata nguo hawana.

Nitafika kwenu siku moja kabla. Kitanda nipeni cha chini, nilale na Kasuku.

Mama yako

24 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Leo siulizi hali, naogopa jibu.

Furushi limefika. Nilitoa nguo moja moja huku watoto wanarukaruka. Ya mwisho nikaishika, sijui ya nani. Ndipo nikaisoma barua yako.

Mama, tiketi ni nne. Kazini kwao wakisema familia ni baba, mama na watoto wawili. Wao waliandika hivyo, na mimi nikakuandikia hivyo hivyo bila kufikiri. Na nilipokuambia unavaa hiki, unashika kile, nilikuwa nasema mtu yeyote, sikuwa nakusema wewe. Baba watoto amekwenda kuomba ya tano, meli imejaa. Nikasema basi nibaki mimi, Mama apande. Wamekataa, tiketi ina jina.

Nimelia pale mapokezi mbele ya wagonjwa. Nifanyeje, Mama?

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu nitakwambia hata usipoiuliza. Nimeumia. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaikunjua tena, nikidhani mara ya pili itasema vingine. Kumbe mama si familia. Haya, nilikuwa sijui.

Lakini wewe hukukusudia, na maji yakimwagika hayazoleki. Nenda, tena nenda kwa raha zako. Usije ukakaa na uso wa msiba meli nzima ukawaharibia watoto safari.

Shida yangu mimi ni mtaa. Nimeshaaga, mwanangu! Nimeaga mpaka muuza mkaa. Nitaanzia wapi kuwaeleza? Basi kibao nitakitundika vile vile na wiki hiyo nitajifungia ndani. Ubaya ni kwamba sitaweza kushona, cherehani ina kelele, watajua nipo.

Mama yako

16 Agosti, melini

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia huku juu, nimevaa sweta. Watoto wako bwawani na baba yao. Nakuwaza hapo ndani, mlango umefungwa, sijui hata kama umekula.

Jana ulikuwa usiku wa chakula cha heshima. Gauni langu halikupanda. Baba watoto anavuta zipu, mimi navuta pumzi, wapi! Mama, umemshonea yule msichana uliyemsindikiza kituo cha basi. Mimi nimezaa wawili, nimenenepa, na wewe huna habari kwa sababu sijaja. Kila mwaka nasema mwakani.

Lako nilikuwa nimelibeba, nilishindwa kuliacha nyumbani peke yake. Nikalivaa. Limenikaa kama nilisimama mbele yako ukanipima. Tulipofika mezani Kasuku akanitazama, akapaza sauti watu wote wasikie, "Mama, leo umekuwa Bibi!" Watu wakacheka. Mimi nikatoka nje kwenye upepo nikainusa shingo ya gauni. Ina harufu ya chaki yako na mafuta ya cherehani.

Tumekuwa saizi moja, Mama.

Mwanao,
Kipipi

29 Agosti

Kipipi wangu,

Marahaba, mwanangu. Mguu umevimba kidogo kwa kukaa. Nimegundua cherehani ndiyo niliyokuwa nazungumza nayo miaka yote hii.

Sikiliza kituko. Nimejifungia, nimetulia tuli, mara mlango wa nyuma ngo ngo ngo. Nikanyamaza. Nikasikia sauti ya fundi viatu, chini chini, "Bibi, meli imefika wapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Haya, mkate naushusha hapa gatini." Kila siku akawa anashusha kitu, leo maziwa, kesho ndizi, na hakumwambia mtu. Nilipofungua mlango wa mbele, alikuwa wa kwanza kunipokea mbele ya wateja, "Karibu kutoka safari! Haya, tuambie, bahari ikoje?" Nikawaambia ni kubwa, na huoni mtu. Wote wakatikisa vichwa, wakasema ndivyo walivyosikia.

Gauni langu baki nalo. Lile jembamba nirudishie, ndani nimeacha kitambaa cha akiba, mshono unaweza kuachiwa. Ila niuachie kiasi gani, sijui. Nilijigamba vipimo vyako ninavyo kichwani, kumbe nina vya zamani.

Na usiniandikie kwenye karatasi, sitavipokea. Njoo nikupime.

Mama yako