Siku Uliyokandwa Kabla ya Kupimwa

Mamangu kipenzi,

Juzi nilikwenda kupigwa picha ya mimba. Yule dada mpimaji aliponipaka tumboni ile dawa baridi ya utelezi, nikalia. Akadhani naogopa, kumbe nakuwaza wewe.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulishindwa kunisuka. Mikono ikakuanguka mapajani, ukasema, "Nywele zako siku hizi zimekuwa ngumu." Ulijua kusingizia watu wewe. Kisha kope zikakuvimba, zikawa rangi ya zambarau, na kuinuka kwenye msala ikawa mpaka nikushike kwapa.

Tukavuka feri kwa daktari. Akasema huenda kinga ya mwili wako imegeuka, inaishambulia misuli yako yenyewe. Dawa ipo, lakini ni kali, hataki kuianza kwa kubahatisha. Kuna mashine, ya namna ile ile niliyopimwa nayo juzi, ya kuonyesha damu inavyopita ndani ya nyama. Misuli yenye ugonjwa huo hujaa damu kupita kiasi. Akatupangia siku ya kupimwa.

Asubuhi ya siku hiyo nilipokuja kukuchukua nyumbani kwako Shika Adabu, nyumba nzima inanukia mafuta ya nazi. Umeshakandwa. Bi Mwanasha, jirani yetu anayekanda wanawake waliojifungua, amekukanda mikono na mapaja kwa maji ya moto mpaka umetakata. Ukanitazama kwa maringo. "Siendi kwa watu na mwili umeshupaa mimi. Watasema sina wenyewe wa kunitunza."

Kwenye kioo cha mashine damu ikawaka nyekundu tele, na sauti yake ikasikika, fuu, fuu. Ukauliza, "Ndiyo mimi huyo?" Daktari alikuwa anatikisa kichwa kukubali, kisha akanusa.

"Mama, umekandwa leo?"

"Naam, tena vizuri."

Akazima mashine. Maji ya moto na kukandwa navyo huleta damu, akasema, hawezi kujua ipi ya ugonjwa na ipi ya Bi Mwanasha. Turudi mwezi ujao, nafasi ya karibu hakuna. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Hakuna aliyetuambia.

Mwezi ule ulinitesa, mama. Ulimkataza Bi Mwanasha asikuguse kabisa, usije ukaharibu kipimo tena. Akawa anakuja vivyo hivyo, anakaa kitandani kwako, mikono yake hajui aifanyie nini. Ulikuwa unaugua kwa maumivu, na sote wawili tunakutazama tu.

Mara ya pili damu ikaonekana vile vile, na safari hii hapakuwa na shaka. Ugonjwa ukapata jina, tukapewa vidonge. Nilifurahi, wallahi, nikakununulia mahamri pale kivukoni.

Kumbe koo nalo ni misuli. Hilo sikulijua mpaka kidonge cha kwanza kilipokutokea puani pamoja na maji. Nikakiponda nikakitia kwenye uji, ukapaliwa. Nikajaribu kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo. Ukanishika mkono, ukasema, "Wacha kwanza, mwanangu. Nitameza kesho." Pumzi zilipokubana nikakukimbiza hospitali, wakakuchoma sindano, lakini uji ulikuwa umeshaingia mapafuni, na nyumbani hukurudi.

Watu huniambia afadhali sisi tulijua ulichokuwa ukiumwa. Ni kweli, nilijua. Dawa yake nilikuwa nayo kiganjani, mama, na nimekaa ubavuni pako.

Pumzika sasa. Hakuna tena cha kumeza.

Ni mimi,
kitindamimba wako