Mashine ya Hewa ya Mama Salma

Jumatatu, 4 Machi

Nimeosha chujio tena. Maji, sabuni kidogo, kulianika kivulini. Vumbi la Miburani halina likizo. Wakati hilo linakauka nimeweka la akiba. Mashine inaunguruma pembeni ya kitanda, mrija umepita juu ya mto mpaka puani mwa mke wangu Zuhura. Kwenye kioo asilimia ya oksijeni nzuri. Kidude cha kidoleni, kile kinachopima oksijeni ya damu, kinasema 91. Kwake hiyo ni nzuri.

Ameamka na hasira. Hataki uji. Simlaumu, hata mimi nisingeutaka.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umechezacheza tangu asubuhi. Mashine imelia: E1. Hiyo ni umeme mdogo, nimengoja ukatulia. Mchana ikalia tena, E2. Zuhura alikuwa ameulalia mrija. Nimeunyoosha, kelele zikakoma. Akaniambia nimekuwa kama mama mwenye mtoto mchanga, ikilia tu nimekwishakimbia.

Salma, mwanetu, alipoleta mashine hii kutoka Dar mwaka jana alinikalisha kitako akanifundisha. E1 umeme. E2 mrija. E3 oksijeni imeshuka. E4 joto. Mbili za kwanza ni zako, baba. E3 na E4, zima, iache ipoe, washa. Ikirudi usiiguse, mpigie injinia. Alirudia hilo la injinia kama vile anasema na mtoto. Ananijua. Miaka yote niliyoendesha boti ya doria ya hifadhi ya bahari sikuwahi kusubiri fundi. Injini ikizima katikati ya maji unaifungua mwenyewe au mnalala huko.

Daktari wa Dar alisema mapafu yamekakamaa. Akamuuliza Zuhura kama aliwahi kufanya kazi ya moshi. Zuhura alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Amekulia kwenye tanuri la chokaa la baba yake, enzi zile kabla hifadhi haijakataza watu kuvunja matumbawe. Halafu akaja kwangu, akapikia makumbi ya nazi miaka yote ya ndoa. Mimi nilikuwa na sare na boti. Jiko la gesi sikununua mpaka alipoanza kuugua.

Ijumaa, 8 Machi

E3. Mara ya kwanza kuiona.

Nimezima, nimengoja, nimewasha. Imeondoka. Sikwenda msikitini, nimeswali hapa hapa chumbani huku sikio liko kwenye mashine. Sikumwambia Salma. Ana kazi zake.

Jumamosi, 9 Machi

Imerudi. Nikazima, nikawasha, ikakaa kidogo, ikarudi. Kioo kinaonyesha oksijeni 78. Midomo ya Zuhura imekuwa na rangi ya zambarau.

Nikasema hili ni tatizo la injini tu. Nikamwita Fundi Bakari, anayetengeneza redio na mafeni pale sokoni Kilindoni. Akaja na bodaboda. Akafungua mfuniko. Tukatazama wote wawili. Ndani mna mitungi miwili midogo iliyofungwa kabisa, na mipira inayopishana. Akaitazama muda mrefu. Akarudisha mfuniko, akakaza skrubu moja moja.

"Mzee, hii si feni. Nikiigusa nitamuua mama."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno yasiyofaa. Nauli aliikataa. Alipoondoka ndipo nilipoona kwamba angekuwa mtu mwingine angechokonoa, nami ningemshikia tochi.

Nikampigia Salma. "Baba, nilikwambia nini? Tangu jana? Tangu jana unaiwasha na kuizima?" Akalia. Sijui kumbembeleza mtu kwenye simu. Nilishika tu simu mpaka akanyamaza.

Jumapili, 10 Machi

Injinia amepiga mwenyewe. Anaitwa Elia, mtu wa bara, anaongea taratibu. Aliniuliza mashine inatoa sauti gani, inapumua kwa mapigo au inavuma mfululizo, nimeiweka karibu na dirisha au mbali. Nikamwambia dirishani, ili ipate hewa.  Akasema ndani ya ile mitungi kuna chembechembe zinazochuja hewa, na adui yake ni unyevu. Upepo wa bahari umezilowesha. Lazima zibadilishwe, na si kazi ya nyumbani. "Usiifungue, mzee. Unyevu ukiongezeka tumeipoteza." Nikasema sawa. Sikumtajia Fundi Bakari.

Dirishani nimeiweka mimi.

Sista Neema, muuguzi jirani yetu, ameleta mtungi wa oksijeni kutoka hospitali, kwenye bajaji, ameukumbatia njia nzima. Shikamoo baba, marahaba, kisha moja kwa moja kazini. Ameniambia niutumie kwa kubana, hautafika mbali, na wagonjwa wengine wanausubiri.

Jumatatu, 11 Machi

Boti haikutoka Nyamisati, upande wa bara. Upepo na mvua. Injinia amekwama huko na begi lake. Kasema akipata chochote kinachoelea atapanda.

Mashine imezimwa. Nyumba kimya, sijazoea. Nakaa mbele ya mtungi naangalia mshale unavyoshuka. Nikienda kujisaidia narudi mbio kuuangalia.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku wavuvi haramu walipoturushia baruti.

Zuhura kaniita. "Baba Salma. Unaangalia mshale tu. Mimi huniangalii." Nikamwambia nauangalia kwa ajili yako. Akageukia ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Boti bado. Mshale uko kwenye nyekundu. Sista amebadilishiwa mtungi mwingine hospitali baada ya kuomba sana. Wa mwisho, amesema.

Zuhura hali chochote. Maji ya dafu kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Injinia amefika. Kijana kuliko nilivyodhani, suruali imelowa mpaka magotini, begi kalifunga kwa nailoni kifuani. Shemeji aliyekuja kutusaidia alikuwa ameandaa chakula cha mgeni, injinia akasema kwanza mashine. Nikampenda hapo hapo.

Ametoa ile mitungi, ameweka mipya, amefuta kila kitu kwa kitambaa kikavu. Akaihamishia kwenye kona ya ndani. Akawasha. Hakuna E1, hakuna E3, hakuna kitu. Oksijeni 94. Nilimkumbatia. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti mpaka jirani akachungulia.

Tukamvisha Zuhura mrija. Tukangoja. Kidoleni 83. Tukangoja tena. 84. Tena 83.

Injinia akatoa kipimo chake mwenyewe, akakishika mwisho wa mrija. 94. Akabadilisha mrija. Akahamisha kidude kidole kingine, halafu mkono mwingine. Akaanza upya tangu mwanzo bila mimi kumwambia, kila kipande, kila kiungo. Jasho likimtoka. Mwishowe akakaa kwenye mkeka.

"Mzee wangu, mashine haina kosa."

Aliyasema hayo akiangalia chini. Nikamwambia angalia tena. Akanyanyuka kweli, tayari kuangalia tena. Zuhura akasema kutoka kitandani, kwa kuvuta pumzi kila neno: "Mwache mtoto wa watu ale."

Akala. Nilimtazama akila wali na mchuzi wa samaki. Zuhura alikuwa akinitazama mimi. Alikuwa anajua. Sijui tangu lini.

Alhamisi, 14 Machi

Sista Neema kanichukua nje, tukakaa barazani. Mapafu hayapokei tena kile yanachopewa, amesema. Hewa inafika, hayaichukui. Nikamuuliza Dar. Akasema Dar wana mashine kubwa, zitamsukumia kwa nguvu, zitamtenga nasi, na mwisho ni ule ule. Lakini ni haki yetu kuamua.

Nilipoingia kumuuliza Zuhura, kabla sijafungua mdomo akatikisa kichwa.

Nimemchukia Sista leo. Nimemchukia na injinia, ambaye amenitendea wema mtupu, karudi na boti ya asubuhi bila hata kuaga vizuri kwa sababu nilijificha nyuma ya nyumba. Nimewachukia wanaopumua. Natamani kioo kingeonyesha E3. E3 ina mtu wa kumpigia.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekaa mbele ya mashine asubuhi yote. Taa ya kijani. Nimebonyeza vitufe vyote ninavyovijua. Haina kosa.

Nikageuza kiti kikaelekea kitandani. Amekonda mno. Mfupa wa shavu umetokeza, na kuna kovu dogo la moto chini ya sikio ambalo nilikuwa nimelisahau. Nikamuuliza lile kovu. Akasema tanurini, akiwa msichana, baba yake alimpaka asali. Hakuwahi kuniambia, au aliniambia nikiwa na haraka. Tumekaa hivyo. Hakuongea tena, alikuwa amechoka, ila mkono wake aliuacha mkononi mwangu.

Adhuhuri nimempigia Salma. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea, nikasema, "Njoo, mwanangu." Hakuuliza mashine inasemaje.

Jumanne, 19 Machi

Salma ameingia na ndege ndogo ya asubuhi. Hakulia mbele ya mama yake. Ameomba maji ya moto, akamfuta mwili mzima, akambadilisha shuka. Amempangusa vipele vya mgongoni kwa kitambaa laini, vile ambavyo mimi nilikuwa sijaviona. Sasa anamchana nywele kwa mafuta ya nazi, polepole, mrija ukiwa umewekwa upande.

Mchana Zuhura amekula vijiko viwili vya mchuzi wa pweza. Akataka cha tatu, akakiacha.

Mvua imekatika. Majani ya mihogo yanadondosha maji. Mimi niko barazani, ndani wamekaa wenyewe. Nawasikia wanacheka, Salma kwa sauti, mama yake kwa pumzi. Nadhani wananicheka mimi. Sikuingia kuuliza.