Chale Walizokufutia

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila shikamoo.

Hapa nyumbani tupo. Mahindi ya bondeni yamekomaa, ng'ombe wako mwekundu amezaa dume, na mimi nimegombana na Kaka Boay. Hilo la mwisho ndilo limenikalisha niandike.

Tulipokuwa tunaandaa misa ya kukukumbuka, Boay alipeleka picha yako studio, Dongobesh, ikuzwe na kuwekwa kwenye fremu. Ilirudi kubwa, inang'aa. Ila chale zako hazikuwepo. Yale maduara uliyochanjwa kuzunguka macho ukiwa msichana, kwenu Dirma, yamefutwa yote. Uso laini kama wa mtangazaji wa televisheni.

Nikamuuliza. Akasema fundi amekusafisha. Nikamwambia mama yangu hakuwa mchafu. Akasema niache ukorofi, wakwe zake wanakuja, watu wa kanisani wanakuja, kuna haja gani ya kumkumbusha kila mtu kwamba tumezaliwa na Mmang'ati. Alitumia neno lilelile walilokuwa wakitucheka nalo shuleni. Iliniuma, mama. Sisi tumechukua sura ya baba, hapa kwa Wairaqw hakuna anayetugeukia mara mbili. Wewe hukuwa na pa kujificha, na hukupatafuta. Siku ya harusi yangu yule binti wa saluni alitaka kukupaka poda nzito azifunike, ukamwambia, "Mpake bibi harusi. Mimi nilishapambwa." Ukacheka mpaka naye akacheka.

Lakini Boay ndiye mkubwa, neno lake likapita. Picha ikawekwa mezani, ikazungushiwa maua.

Siku ya misa Mama mdogo Udameda alifika kutoka Dirma, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili mpaka kwenye kiwiko. Akasalimia watu wote, akaisogelea meza. Akaitazama picha, akaitazama tena, kisha akatugeukia.

"Huyu mama ni nani? Mimi nimekuja kumlilia dada yangu."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. Akaanza kuangaza macho ukutani, anatafuta tumekuweka wapi.

Boay alikuwa anamtazama usoni, maduara yake ni kama yako, kisha akainamisha kichwa kama mtoto. Mtu mzima na ndevu zake. Mwisho akaishusha picha mwenyewe, akaigeuzia ukutani, akaniomba simu. Alijua ninayo ile picha uliyopigwa ukipepeta mtama, kilemba kimekwenda upande. Tukaisimamisha simu mezani, imeegemea kikombe. Mimi nikakaa pembeni naigusagusa isizime. Watu wakapita mmojammoja, wakwe zake na wazee wa kanisa, kila mtu ikabidi ainame ndipo akuone. Mama mdogo alipoinama, akakuita kwa jina, akalia. Mimi pia nililia.

Bado mimi na Boay hatujakaa vizuri. Ila juzi amerudi studio na hiyo ya mtama, aliyojitumia siku ile kutoka simu yangu, na nimesikia alimsimamia fundi mpaka ikachapwa bila kuguswa. Hajaniambia chochote, nami sijamuuliza.

Pumzika, mama. Uso wangu hauna chale, na sitajifanya ninazo. Lakini kuanzia sasa mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nitaanza na Dirma.

Mwanao.