Kwa Baba, Kasisi Aliyekwenda Likizo kwa Miguu

Umetimia mwaka sasa, Baba, tangu ulipotutoka, mchana, ukiwa umekaa kwenye kiti cha barazani. Wewe wa kufia kwenye kiti! Waliokuita Kiguu na Njia hawakuamini mpaka walipoliona jeneza.

Wengine wakipata likizo hupumzika. Wewe kila mwaka ulimwachia msaidizi wako kanisa, ukafunga mkoba, ukaondoka kwa miguu siku kumi na nne. Shuka moja, Kitabu cha Sala, soksi pea tatu. Soksi ulizofua asubuhi ulizining'iniza mgongoni zikauke huku unatembea. Mama alikuwa akisema afadhali uvae kola ya ukasisi, watu wajue kwamba huyu si mwendawazimu. Ukamjibu kwamba kola nayo iko likizo.

Mwanzoni Mama aliona haya. Watu walimuuliza kwa upole kama mmekosana. Madereva walisimamisha magari wakupe lifti, ukawashukuru, ukaendelea na mwendo wako, nao wakaondoka wakitikisa vichwa. Wazee wa kanisa, Mungu awabariki, wakaamua kwamba kasisi wao anatembea kwa kukosa usafiri. Wakakununulia baiskeli mpya, wakakukabidhi langoni asubuhi ya safari, kwa wimbo na picha. Hukutaka kuwavunja moyo. Uliisukuma kutwa nzima, wewe ukitembea kando yake, mpaka kanisa la pili, ukamwachia mwinjilisti wa pale aliyekuwa na shida nayo kweli. Wazee walipopata habari walinuna mwezi mzima.

Ulisema siku mbili za kwanza mtu hatembei na Mungu, anatembea na magoti yake. Siku ya tatu ndipo kelele za kichwani zinapungua. Sala ya Asubuhi uliisoma barabarani kwa sauti, peke yako, sehemu ya kasisi na ya waumini zote mbili, na waliokutana nawe wakahamia upande wa pili. Ulirudi umekonda, miguu ina malengelenge, roho imetulia. Mahubiri ya Jumapili ile yalikuwa mafupi. Akina mama wa kanisa walitamani upewe likizo kila mwezi.

Siku zilizobaki za mwaka zilikuwa za watu. Kwa mgonjwa hukuwa na haraka. Ukimaliza sala hukuinuka, ulikaa tu kama mtu anayengoja chai ipoe, na mara nyingi hapo ndipo mgonjwa alipolisema lililokuwa likimsumbua. Waliolihama kanisa uliwatembelea vilevile, na hukuwauliza kwa nini.

Sasa nifike kwenye langu. Mimi ni mtoto wako wa pili, muuguzi, na ndugu zangu walinipa kazi ya kuandika haya. Nimepiga chenga wiki tatu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuzuia. Daktari alisema moyo umechoka, upunguze safari ndefu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikapiga marufuku kabisa. Nikakuambia mbele ya wote kwamba ukivuka geti na ule mkoba, usinihesabu kuwa mwanao. Hukubisha. Ukautundika, ukakaa barazani, na siku ya tisa ya likizo ukafariki.

Hukuwahi kulizungumza, nami sikuthubutu kukuuliza. Mwaka mzima nimeamini kwamba ulikufa una kinyongo nami, na kwamba nilikunyima safari yako ya mwisho. Nimekwenda kazini, nimewapima watu presha, huku nikiliwaza hilo.

Juzi Mama alinikuta mezani na karatasi tupu. Nikamwambia yote. Akavuta kiti, akaketi. Akasema yeye alikuuliza, siku ya kwanza ya likizo ile, kama umekasirika, nawe ukacheka. Jibu lako amelishika neno kwa neno:

“Mtoto anaogopa, mwache ashinde. Miaka thelathini nimemfuata Mungu barabarani. Mwaka huu nakaa hapa, nione kama Yeye anapajua kwetu.”

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alidhani umeniambia mwenyewe. Nimelia, Baba, na nimekukasirikia pia. Ungeniita tu pale barazani ukanisemesha, ningekaa nawe. Mama anasema zile siku tisa ulikuwa na furaha, ulisoma sala zako kwa sauti na yeye akakuitikia sehemu ya waumini. Mimi nilikuwa napita mbiombio kwenda zamu, nikidhani unalalamika.

Unakumbukwa na mkeo, Mama yetu, na kaka yetu mkubwa, fundi umeme, na mkewe, na mimi, na kitindamimba wako, mwalimu, na wajukuu wanne, ambao kila mmoja anadai ndiye uliyempenda zaidi, na shangazi, dada yako, ambaye bado anakugombeza kwenye sala zake, na msaidizi wako, ambaye sasa ndiye kasisi wetu na anahubiri kwa kirefu. Ibada ya kumbukumbu ni Jumapili hii, saa tatu asubuhi.

Hututoki moyoni, Baba, leo wala kesho. Na Mungu alikuwa anapajua kwetu. Alikuja, akakukuta umekaa unamngoja.