Baka Lisilouma

Mama yangu,

Leo, katika kliniki ya ngozi hapa Kibaha, muuguzi amempitishia mama mkwe wangu kipande cha pamba juu ya baka la mgongoni. "Unasikia, mama?" Akasema hasikii kitu. Nikajua kabla hatujaambiwa, maana baka lako nililigusa kwa mkono wangu, siku ile nakusugua mgongo, ulipokuja kutoka Kisarawe kunilelea mtoto. Nilikuuliza kama linauma. Ukacheka. "Lingeuma ningelala?"

Mama mkwe aliliona pia. Akaniita jikoni. "Kwetu kaskazini haya hayapo. Ni maradhi yenu watu wa Pwani. Mtoe mtoto mikononi mwake."

Mimi nilifanya baya zaidi. Nilikununulia sahani yako na kikombe chako, nikakudanganya kwamba ni vyepesi kushika. Wiki haikuisha ukasema unakwenda kuangalia mihogo yako, nami nikakufungia mizigo upesi. Hospitali nilikuwa naipita kila asubuhi nikienda kazini. Sikukupeleka. Niliona haya kukaa nawe kwenye foleni.

Kule nyumbani vidole vilipinda, nyayo zikafa ganzi, ukakanyaga kaa la moto usijue. Kidonda kile ndicho kilichokuondoa. Msibani nilisema ni sukari, na watu wakaitikia.

Muuguzi ametueleza kuwa ni ukoma, kwamba hauchagui kabila, na dawa zake ni bure. Nilimuuliza kama mgonjwa atengewe vyombo. Akanishangaa. "Vya nini? Hauambukizwi kwa sahani."

Mama mkwe amewahi, atapona. Tulipotoka alinishika mkono, akasema, "Usimwambie mtu. Na usinirudishe kwetu." Nilikuwa na matusi ya miaka mingi mdomoni. Nikayameza, kwa sababu maneno ya jikoni yalikuwa yake, lakini mama aliyefukuzwa alikuwa wangu. Nimemwambia atabaki. Sikumwambia kwa upendo.

Sasa muuguzi anataka kila aliyeishi na mgonjwa apimwe. Nilipomtajia habari zako, akasema hata wadogo zangu waliokuuguza. Kwa hiyo Jumapili nakuja Kisarawe kuwaambia haikuwa sukari. Wataniuliza nilianza kushuku lini, na safari hii nitawajibu.

Lala, mama.

Ni mimi, kifungua mimba wako.