Kiazi cha Ua la Mama

Nchelenge, tarehe 14 mwezi wa kwanza

Yaya Pierrette, dada yangu,

Nakusalimia sana toka huku ng'ambo ya ziwa. Magoti yako yanaendeleaje na hii mvua? Sisi tuko wazima, sifa kwa Mungu, ila samaki ndio wamepungua.

Yaya, nilikukasirikia, leo nakuambia. Mwaka juzi ulivuka ziwa na kiazi cha lile ua la porini, jekundu lenye kingo za njano, lililoota lenyewe karibu na kaburi la mama kule Pweto. Ukampa nani? Delphine, jirani yangu. Mimi mutoto wa tumbo moja na wewe nikapata kitenge.

Delphine alikizika kwenye muchanga mutupu, juani, bila mbolea. Nilicheka. Bon, basi, mvua ikanyesha, ua likapanda uzio wote wa lupango lake na kuchanua. Watu wakitoka misa walisimama kwake kulisifu, kwangu walipita kama hakuna mutu. Niliona wivu sana.

Mwezi wa tano likakauka, kiazi kikabaki chini kimelala. Mwezi wa saba Delphine alivuka ziwa kwenda Kilwa kununua samaki, akarudi akakuta muchanga umechimbwa. Alilia. Nilimupa pole.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, alikuja kwangu na kipande cha kiazi alichokikuta bado muchangani. Akasema: "Pierrette aliniambia wewe unamwagilia kupita kiasi. Akasema nikilinde mimi, kikizaa cha pili nikupe. Mwizi alichukua changu. Hiki ni chako."

Yaya, mwizi ni mimi. Nilichimba mbiombio, kiazi kilikuwa na pande mbili kama manati, moja ikavunjika ikabaki. Ile nyingine niliipanda nyuma ya nyumba, nikaipa mavi ya mbuzi na maji ya kuoshea samaki kila siku, kama tunavyofanya mboga. Ikaoza yote.

Sasa ua limechanua kwangu, kwenye muchanga mukavu. Delphine anakuja kulitazama na anafurahi kweli, na mimi hata hiyo furaha yake ninaionea wivu. Nitamuambia Jumapili, siku ya Mungu, kabla ya misa. Ukisikia hatusemezani, ujue nimesema.

Nisalimie watoto wote na shemeji. Mungu awalinde huko.

Mudogo wako,
Fidélie