Nilimwambia Mama Mkwe Samaki ni Mwiko Wetu

Shangazi Dainess, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimechoka mpaka kope, na nakusihi usinicheke kwa sababu hapa Kigoma wamekwisha kunicheka vya kutosha. Mimi ni mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Kilimanjaro, nililetwa huku kikazi nikaolewa na Fabian, mtu wa bandarini, kwao Simbo, na Mungu akatupa mtoto mmoja, Benedict, ana miaka minne, na huyo ndiye kilio changu.

Mwaka jana alikula dagaa midomo ikavimba, tukasema labda kaumwa na mdudu, mwezi uliofuata akaonja mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwa jirani na safari hii akaanza kukoroma kama mtu anayekabwa, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, akachomwa sindano ndipo pumzi ikarudi, na kwa bahati alikuwepo daktari wa watoto aliyeletwa mkoani kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, huja mjini kila Jumanne na mkalimani wake Mrundi aitwaye Calixte, daktari akasema huyu ana mzio, apimwe damu. Damu ikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakaja, samaki namba kubwa, na chini yake maziwa, mayai, karanga na ngano namba ndogo ndogo. Siku ya kwenda kuelezwa nikakuta daktari kaitwa kambini, nikaambiwa nirudi wiki inayofuata, sikurudi, nikaisoma karatasi mwenyewe na kumkataza mtoto vyote vitano, akawa anakula ugali wa muhogo na maharage mpaka mbavu zikaanza kuhesabika.

Basi mama mkwe, Bi Rozalia, akaja kututembelea, akamwona mjukuu amekonda na hali samaki, akawaka. "Mtoto wa Kigoma asile dagaa? Ataishi kwa kula mawe?" Nikamwonyesha karatasi, naye hajui kusoma, akasema, "Mukazana, mke wa mwanangu, mmekwenda kumwaga damu ya mjukuu wangu kwa watu wa wakimbizi, leo mnaniletea karatasi!" Siku tatu mfululizo akawa anamnyemelea mtoto na kijiko cha mchuzi, mimi nampokonya, yeye ananuna, siku ya nne uvumilivu ukaniishia nikasema uongo. Nilimwambia kwetu mlimani samaki ni mwiko wa ukoo, na mtoto wangu hawezi kuuvunja. Ni kweli wazee wetu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, lakini mimi nakula, Shangazi, tena mgebuka naupenda, nimeacha kwa ajili ya mtoto tu. Mama akaweka kijiko chini, nami nikajiona nimepata akili.

Kumbe nimejichimbia. Amerudi Simbo akakaa na wazee wa ukoo, wakasema mtoto ni wa baba yake, mwiko wa upande wa mama haumfungi, na kwa kuwa mama yake amemfunga nao, lazima afunguliwe: atakalishwa mbele yao na bibi yake atamlisha samaki kwa mkono wake mpaka amalize. Imepangwa Jumamosi ya wiki ijayo. Fabian amekubali! Nikimlilia ananijibu huku anachezea simu, "Mwache mama afanye mambo yake, atalambishwa kidogo tu, yataisha." Nikisema nilidanganya, wazee wataona nimewadhihaki na ndoa itaingia mchanga. Nikinyamaza, ndiyo Jumamosi hiyo inakuja. Nimefikiria kumtorosha mtoto nimpeleke kwa dada yangu Moshi. Nifanye nini?

Sia, Kigoma mjini

*

Marahaba, Sia. Sitakucheka. Nitakugombeza, kwa hiyo kaa chini.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, dagaa ndiyo iliyonikuza, na niliposikia mara ya kwanza kwamba ipo damu ya mtoto inayoikataa, hata mimi niliguna. Kwa hiyo mguno wa mama mkwe wako naujua. Ninachoshindwa kukielewa ni wewe mwenye shule yako. Ulikuwa na ukweli mkononi, ukauacha, ukaenda kuchukua habari ya mwiko, jambo ambalo wazee wa Simbo wanalijua kuliko wewe na mimi. Umepeleka kesi kwenye baraza lao wenyewe, halafu unashangaa umeshindwa?

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomweleza Bi Rozalia jinsi mtoto alivyokoroma kwenye bajaji. Sikupaona. Umemwonyesha karatasi mtu asiyejua kusoma, ukanyang'anyana naye kijiko siku tatu, na lile uliloliona kwa macho yako hukulisema! Na bibi huyo si mkaidi kama unavyomchora. Ulipomwambia jambo analolielewa, aliweka kijiko chini siku ileile.

Halafu hiyo karatasi. Kipimo cha damu si orodha ya marufuku, mwanangu. Kinaonyesha damu imeshtushwa na nini, na daktari ndiye anayelinganisha na yaliyompata mtoto baada ya kula. Samaki ana namba kubwa na amekwisha kumkaba, hapo hakuna mjadala, hata mchuzi wake, hata chungu kilichompika. Lakini mayai na maziwa je, yaliwahi kumdhuru? Hukuandika. Umemkondesha mtoto kwa kusoma namba usizozijua, na hilo bibi yake aliliona sawasawa. Usianze kumrudishia kwa kubahatisha, muulize daktari.

Na wewe Fabian, gazeti hili linazunguka bandarini, najua litakufikia. Mgebuka wa kwa jirani ulikuwa sahani nzima? Aliuonja tu, akachomwa sindano. Hiyo "kidogo tu" yako ndiyo iliyomkaba mwanao, nawe ulikuwepo. Weka simu chini, baba.

Sasa sikiliza, Sia. Moshi huendi. Ukimtorosha, atarudi siku moja, na samaki watakuwa wanamngoja. Kesho nenda Simbo na mumeo, mpigie mama mkwe magoti, useme, "Mama, nilidanganya, mwiko haupo, samaki anamkaba Benedict na mimi nilimwona." Kisha umwonyeshe jinsi mtoto alivyokoroma, kwa sauti yako mwenyewe, bila haya. Jumanne mlete mama mkwe hospitali akae mbele ya daktari, na Calixte amweleze. Kirundi na Kiha, lugha ya mama mkwe wako, ni ndugu, atamwelewa kuliko anavyokuelewa wewe na Kiswahili chako cha ofisini. Muulizeni daktari pia mfanye nini akivimba tena, na likitokea kabla ya hapo msimpe maziwa wala mawese ati mnakata sumu, mkimbizeni hospitali dakika ileile. Wazee wakishikilia msimamo wao, mtoto haendi Simbo Jumamosi, anune atakayenuna.

Watakusema, ndiyo. Utaitwa mwongo mbele ya ukoo, na ni haki yao. Lakini Bi Rozalia siku hiyo atamlisha mjukuu wake kwa mapenzi, akiamini anamfungua. Yeye hajui samaki yule atafanya nini. Wewe unajua.